Pasi ya Mama Régina

Tulikuwa tumekaa juu ya magunia ya pamba, ndani ya kamyo inayotoka Kabambare kwenda Kasongo. Mimi nilikuwa ninasali rozari, lakini masikio yangu hayakusali.

Fundi cherehani mumoja, jina lake Bulaimu, alimwambia mama aliyekaa karibu naye: "Leo ninamushitaki mutu mumoja aliyetoka Wamaza kwa Bwana Mukubwa, muzungu wa serikali. Amekimbia kulima pamba ya lazima, anafyatua matofari kwetu bila pasi, karatasi ya ruhusa ya kutoka kwao."

"Amekukosea nini, baba?" akauliza yule mama, Régina.

"Hapana kitu. Hata nyumba yangu ni matofari yake. Lakini sheria haijui nyumba yangu."

"Watamupiga fimbo."

"Atazoea."

"Basi unishitaki na mimi. Pasi yangu ilikwisha juzi, na mutoto wangu iko hospitali Kasongo."

Mbele kulikuwa na kizuizi, kamyo ikapunguza mwendo, polisi akapanda kuangalia pasi. Bulaimu akatoa buku yake ya kitambulisho, ile ambamo wake wanaandikwa chini ya jina la mume.

"Huyu muke wangu," akasema.

Polisi akasoma jina la muke. "Zabibu?" Akaangalia musalaba kwenye shingo ya Régina.

"Ndiye mimi," akajibu Régina.

Polisi akashuka. Nilihesabu uongo mara mbili, nikaongeza Salamu Maria mbili.

"Yule wa matofari nitamushitaki tu," akasema Bulaimu.

"Tutaongea nyumbani, mume wangu."

Kamyo ikasimama mbele ya ofisi ya Bwana Mukubwa. Tulishuka wote, isipokuwa Bulaimu. Alibaki juu ya magunia, akitafuta kofia iliyokuwa kichwani mwake.