Jicho Langu na Mgongo wa Baba

Ndugu zangu, kama kuna mtu anakula, aweke chini kwanza. Nitasema mambo machafu.

Miaka ile ya tisini nilikuwa na duka la kinyozi hapa Mwihoko. Asubuhi moja niliamka jicho la kushoto ni jekundu kama nyama, linauma mpaka ndani ya kichwa, mwanga wa dirisha unanichoma. Likapona, likarudi. Wateja wakaanza kunong'ona, "Huyu ako na ile kitu," yaani ukimwi. Mmoja alitema mate mlangoni kwangu. Mate, nawaambia!

Jirani fulani, simtaji, alinishika kichwa akanimwagia mkojo wa ng'ombe jichoni, ati dawa. Ulikuwa bado moto. Ukaniingia mdomoni. Nilitapika.

Nilipoanza kuona ukungu, dada yangu alinipeleka hospitali Thika. Daktari wa macho alimulika jicho, halafu akaniuliza kitu sikutarajia.

"Mgongo hukaza asubuhi?"

"Kama mbao, daktari."

"Kwenu kuna mwingine?"

"Baba. Hata shingo hawezi kugeuza. Na macho yalimsumbua pia."

Akanieleza: askari wa mwili, wale wa kupigana na magonjwa, wananigeukia mimi mwenyewe, jicho na mgongo pamoja. Kuna kitu kwa damu mtu hurithi, kinafanya hiyo iwe rahisi. Si kila aliye nacho huugua. Na siwezi kuambukiza mtu.

Nililia, ndugu zangu, na si kwa furaha. Nilichukizwa. Kwetu Kamenu, baba alikuwa amekula peke yake miaka mingi, kikombe chake kinaoshwa kando, ati ugonjwa wa macho aliutoa kwa malaya.

Nilienda nikawaeleza wote, maitu, yaani mama yangu, na baba zangu wadogo. Baba akauliza akiangalia ukuta, "Kwa hivyo sikuwa mchafu?"

"Hukuwa, baba."

Wengine waliangalia viatu vyao. Maitu alisogeza kiti akakaa karibu na yeye. Pole hakusema. Mpaka leo hajasema.

Matone ya daktari yaliokoa jicho langu. Ugonjwa hurudi, lakini sasa najua kukimbia hospitali mapema. Namshukuru Mungu, daktari, na dada yangu ambaye hakuniogopa. Ukiona mtu ana jicho jekundu, usimwagie kitu. Mpeleke hospitali. Kama huwezi, nyamaza. Usimtengenezee dhambi.