Baba Yenu Hayumo Ukutani

Sogeeni, wanangu, na wewe kitinda mimba wangu funga huo mlango, maana sauti iliyonibakia haiwezi kugombana na magari ya nje. Nisikilizeni wote wawili, hata kama kila mmoja ameangalia upande wake.

Mnajua nimekula chumvi nyingi nikifundisha falsafa, na mnajua jambo nililolitetea hadi chuoni wakaniita Mama Mawe: kwamba ulimwenguni hakuna kitu kilicho kitupu kabisa, hata chembe ya vumbi ina punje yake ya kuhisi, ndogo kuliko tunavyoweza kuwaza. Sikulisema kwa ushirikina. Nilisema sayansi hutueleza vitu vinafanya nini, vinavutana vipi na kusukumana vipi, lakini haituelezi vikoje kwa ndani. Na kitu pekee tunachokijua kwa ndani ni sisi wenyewe, nasi kwa ndani tunahisi. Ubongo umeumbwa kwa vitu vilevile vilivyoumba jiwe. Unga usiotiwa chumvi hautoi mkate wenye chumvi, basi kuhisi kwetu kulitoka wapi, kama vyote tulivyoumbwa navyo vilikuwa chapwa?

Walinicheka, na kicheko hakikuniuma. Kilichoniuma ni swali la mwalimu wa fizikia, yule tuliyemwita Kibiriti kwa hasira zake, aliyesimama katika ukumbi uliojaa wanafunzi akasema kwa upole ambao hakuwa nao siku zote: "Dada, nimekubali, haba na haba hujaza kibaba. Sasa nionyeshe kibaba. Hizo punje zako zinajumlishwaje hadi ziwe mtu mmoja anayesema mimi?" Nilijibu maneno mengi, ukumbi ukapiga makofi, lakini mimi na yeye tulijua sijajibu kitu. Nimelitafuta jibu lile tangu ujana mpaka kitanda hiki, na naondoka mikono mitupu.

Kisha baba yenu, fundi rangi aliyezipaka kuta hizi kwa mkono wake, akapigwa na kiharusi humuhumu chumbani, akatutoka kabla gari la wagonjwa halijafika. Wewe, kifungua mimba wangu, ukalishika fundisho langu kama mfa maji. Nakuona kila asubuhi ukiweka kiganja ukutani na kumwamkia. Ulimwambia mdogo wako kwamba kuiuza nyumba hii ni kumuuza baba, naye, mwenye watoto na asiye na pa kuwalaza, akakuita mwehu, na tangu hapo mnapishana mlangoni kama wapangaji.

Mwanangu, mimi sikufundisha hivyo. Punje zake zipo, na huenda kila moja ingali inahisi kitu, lakini kibaba kimemwagika, na punje haimkumbuki mtu. Haikujui. Haijui hata kwamba iliwahi kuwa baba. Vyote vina undani wake, na katika vyote hivyo hakuna hata kimoja kinachotungoja. Ningependa niwe nimekosea, ila nakiamini nilichokisema, na ndiyo maana sina faraja ya kuwaachia.

Basi nyumba iuzwe, mgawane nusu kwa nusu. Vitabu vyangu vipelekeni chuoni. Wakivikataa, msiwabembeleze, wamenivumilia vya kutosha. Mnizike popote penye nafasi, na asije mtu kuongea na udongo. Nawe, binti yangu, usimwite tena kaka yako mwehu. Uchungu hauna akili, nawe wako unauficha tu.

Radhi zangu mnazo zote, wanangu. Mle mshibe, mlale mwamke, watoto wenu wawazike ninyi, msiwazike wao.

Nipeni maji... Acha, hayapiti. Shikaneni mikono, hapa juu ya shuka, niwaone. Nani amezima taa? Haya... si kitu. Mmeshikana? Sioni tena, wanangu. Hata kama bado... niambieni mmeshikana.