Mama Fomu na Bustani ya Nyuma ya Zahanati

Ndugu waombolezaji, majirani, nanyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kusimama nasi, familia imeniomba niwasomee maisha ya dada yetu, nami ni mdogo wake wa mwisho, yule ambaye yeye alimbeba mgongoni na kumchapa kwa zamu, hivyo naomba mnivumilie nikikwama, maana karatasi hii nimeiandika mara tatu na mara zote tatu imelowa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili kati ya sita wa baba mwashi na mama muuza mboga, akaanza shule ya msingi mwaka 1966, akamaliza sekondari mwaka 1976, kisha akasomea upigaji chapa, na tarehe 2 Julai 1979 akaajiriwa katika ofisi ya maji, chumba cha mwisho mkono wa kushoto, ambamo alikaa na mashine yake miaka thelathini na minne, akipiga barua za wakubwa sita waliokuja na kuondoka, na makosa yao akiyasahihisha kimyakimya.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu seremala, ambaye alimtangulia mwaka 2009, wakajaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, na wajukuu watano, wote wako hapa mbele.

Alipostaafu mwaka 2013 tulidhani atapumzika, kumbe ndiyo kwanza anaanza, kwani nyuma ya zahanati palikuwa na uwanja uliogeuzwa jalala, naye akaapa kwamba patalimwa mboga, ili watoto wanaoletwa pale kwa kukosa lishe wapate chakula kutoka upande wa pili wa ukuta huohuo wa zahanati. Zahanati ilikubali kutoa ardhi, lakini ardhi bila maji ni vumbi tu, ndipo akaanza kutafuta wafadhili wa kisima, akiandika maombi usiku na mchana kwa jina la kikundi chetu cha majirani, mpaka mtaa ukambandika jina la Mama Fomu, ambalo lilianza kama kejeli, na yeye akaliitikia kwa sauti kubwa mpaka wenye kejeli wakaona haya.

Mfadhili wa kwanza alijibu Agosti 2014 kwamba wageni watakuja kuliona eneo, na hapa sote tuna hatia, kwa sababu kwetu mgeni hakaribishwi kwenye uchafu, basi tulifagia siku tatu, tukachoma taka, tukapaka ukuta chokaa, tukaazima viti, tukavaa nguo za harusi, tukawapa soda baridi, na zile ndoo za kuchotea maji ya mbali tukazificha nyuma ya choo, hata wageni wakaandika kwamba kikundi hiki kinajiweza, fedha ziende kwa wenye shida zaidi. Dada alicheka nasi, ila mimi nilimkuta jikoni akilia, na mwaka uliofuata alipokuja mgeni mwingine alimpitisha kwenye matope ya njia ya kuchotea maji mpaka kiatu kimoja kikabaki humo, nasi tukapata kisima, pampu na uzio.

Ufadhili huo ulikoma mwaka 2019, na wengi wetu tukaingia mitini, lakini yeye aligawa matuta kwa kaya arobaini, akauza miche getini ili pampu ipate matengenezo, akaenda hivyo miaka minne, mpaka Oktoba 2023 pampu ilipokufa kabisa na mchicha ukakauka ukiwa umesimama, akarudi kwenye fomu zake.

Mwezi Januari 2024 alikwenda hospitali peke yake kwa maumivu ya tumbo, akatuambia ni vidonda tu, akaacha kurudi kwa matibabu kwa sababu ombi lilikuwa na siku ya mwisho, na nasema wazi kwamba nilikasirika na bado nimekasirika, nilimwambia pampu ina vipuri, wewe huna, naye akaniambia nimpishe, nimemzibia mwanga. Alilazwa tarehe 19 Aprili akiwa na saratani ya ini iliyokwisha kusambaa, na Jumapili tarehe 2 Juni, saa nne asubuhi, akatutoka akiwa ameshikwa mikono na wanawe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani mliopika na kulala hapa, wastaafu wenzake wa ofisi ya maji, na kaya zote arobaini.

Jana asubuhi barua ya mfadhili ilifika, ombi limekubaliwa, pampu mpya itafungwa mwezi ujao, na pamoja nayo ipo nakala ya fomu aliyoijaza Januari, yenye swali kwamba kiongozi asipokuwepo nani ataendeleza kazi, swali ambalo watu wetu huliruka kwa kuogopa uchuro, lakini yeye alilijibu kwa mashine, akaweka jina langu kamili, mimi ambaye sijawahi kupanda hata kitunguu, wala hakuniuliza, na pembeni akaongeza maneno manne, atalalamika lakini atakuja tu.

Dada, umenionea, na nalalamika mbele ya watu wote hawa, lakini kesho asubuhi nitakuwa bustanini. Lala sasa kwa amani, mama wa fomu, umeshamaliza kuandika.