Robo ya Pak Darwis

— Laki mbili na nusu, Radi! Rupia laki mbili na nusu za kutengeneza tundu moja, na kiti changu nani atakishona?

— Kiti chako kimetoboka tangu mwanao anatambaa. Usinibambikie!

— Plagi ya injini imenigonga hapa! — Koh Liong aligeuka, akapaonyesha mahali penyewe, benchi zima lione. — Hapa! Niko mteremkoni, magunia ishirini ya pilipili manga nyuma, nasikia paa! Nikajua nimepigwa risasi kutoka kuzimu.

— Pole nakupa. Pesa, hapana.

Kilori chenyewe kilisimama mbele ya kibanda cha Mak Sairah, maana ndipo nguvu za waliokisukuma zilipoishia. Kiti cha dereva kilikuwa kimeinuliwa, na injini iliyo chini yake iko wazi kama kinywa cha mgonjwa kwa mng'oa meno. Mji wa Manggar una vibanda vya kahawa vingi kuliko vinywa vya kuinywa, lakini benchi hili lilikuwa la watu wa kampuni ya bati, wale waliosalia. Kampuni ilifungwa miaka thelathini na ushei iliyopita. Benchi halikufungwa hata siku moja. Sahirman, ambaye hata mkewe alimwita Radi kwa sababu ya hasira zake, alikalia mwisho wa kushoto, penye nguzo. Ufundi hakuusomea. Aliupata kwa macho na kwa makofi ya marehemu Pak Darwis, msimamizi wa karakana ya kampuni. Nyumba hakuwa nayo ya kujivunia. Alijivunia kwamba hakuna mteja aliyewahi kumwita mwongo. Ndiyo maana asubuhi ile, plagi aliyoifunga mwenyewe ilipomrukia mteja, alipiga kelele kupita kiasi.

Wakili akaweka kikombe chini. Jina lake Jumadi, karani mstaafu, na mahakamani aliingia mara moja tu, kulipa faini ya baiskeli.

— Tuangalie ushahidi. Plagi imetoka, na nyuzi za tundu zimetoka nayo, zimeizunguka kama waya. Mkosaji ni nani? Chumvi! Hewa ya bahari. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Mgema na chumvi wanajuana wapi? — akauliza Mak Sairah.

— Kwenye maji, Mak. Fikiri.

— Chumvi gani! — Mzee Bati alidakia. Masikio yake yaliharibiwa na mitambo ya mgodi, kwa hiyo kila alichosema alikisema kama anaita mtu ng'ambo. — Ni bati! Kisiwa hiki kimekaa juu ya bati. Tulipokuwa tunalichimba lilitulia. Tumeliacha, limejaa, sasa linavuta. Limevuta nyuzi moja moja mpaka zikaisha.

— Inayovuta ni sumaku, mzee wangu.

— Wewe umechimba bati kwa kalamu, utajua nini?

Benchi likacheka. Wakili hakukubali kulala chini.

— Basi nasema hivi. Injini hii ilikuja kutoka Japani ikiwa imekwishatumika. Miaka ishirini haijaona kwao. Ile plagi haikutoka, jamani, ilikuwa inarudi nyumbani! Mkataa kwao mtumwa!

— Ikapitia makalioni mwangu? — akafoka Koh Liong.

— Njia ya mkato.

Hata Radi alicheka, na kicheko kikamlegeza kifua. Mzee Bati akafuta macho kwa ncha ya saruni.

— Malori ya kampuni hayakutema plagi.

— Hata moja, — akasema Radi, na sauti yake haikuwa tena ya ugomvi. — Mnaikumbuka Namba Saba?

— Nani aisahau! Kichwa cha injini chuma kitupu. Ukiigonga inaitika kama kengele.

— King'ora kinalia, zamu inapokezana, Namba Saba inaingia inafuka moshi. Nani aingoje ipoe? Unashika kitambaa, unafungua plagi za moto, unafunga mpya, hiyo inaondoka.

— Samaki mkunje angali mbichi! — akanguruma Mzee Bati.

— Na Pak Darwis kasimama nyuma yako, kiganja begani. «Kaza mpaka spana ilie...»

— «...kisha robo tena!» — wakamalizia wote kwa pamoja, hata Koh Liong, ambaye siku zile hakuwa mtu wa karakana bali muuza mikate langoni.

Kila mtu alibaki na king'ora chake kichwani. Radi alikuwa angali na uzito wa kile kiganja begani pikipiki ilipozima mbele yao.

Aliyeshuka alikuwa Rosnida, mkereza vyuma, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mikono ya shati imejaa chenga za shaba. Koh Liong alikuwa amempigia simu. Alipokea mikono ya wazee mmoja mmoja, akaigusisha paji la uso, kisha akatandaza vyombo vyake: tepu ya chuma ya kukatia nyuzi, nene kama kidole gumba; kopo la grisi; na bushi ya shaba aliyoikereza asubuhi ile, ya kuvishwa tundu lililolika. Akamulika tundu kwa tochi. Akapaka grisi kwenye mifereji ya tepu, ili chenga zinase pale zisianguke ndani ya silinda.

— Kabla sijakata, wazee wangu, nina swali moja.

— Uliza, mwanangu, — akasema Wakili. — Hapa majibu hayajawahi kupungua.

— Plagi hizi zilipofungwa mara ya mwisho, injini ilikuwa ya moto au baridi?

Wakili akachungulia kikombe chake. Mzee Bati akakohoa.

— Kwani kuna tofauti? — akauliza.

— Kwa chuma, si sana. Hiki kichwa ni alumini, mzee. Kikiwa cha moto, ukikikaza kwa nguvu unakitafuna. Kama zilifungwa baridi, naziba hili tundu moja Koh aondoke. Kama ni moto, yale matatu mengine yamechoka vilevile, wala kwa tochi huyaoni. Itabidi bushi nne. Milioni moja.

— Weka moja, — akasema Koh Liong. — Kesho nawapeleka wajukuu wakasafishe kaburi la bibi yao. Wawili wanakaa mbele nami.

Radi alikitazama kile kiti kilichoinuliwa. Majuma mawili tu yalikuwa yamepita tangu azifunge plagi zile. Koh Liong alitoka bandarini, injini inatoa mvuke, wakawa wanaizungumza hiyohiyo Namba Saba. Yeye akashika kitambaa. Spana ikalia. Akaongeza robo ya mzunguko, na ndani ya robo ile mkono ukahisi kitu kinalegea, laini, kama jino linapoingia kwenye papai. Akajiambia si kitu. Akaendelea na hadithi.

— Alikaza kama alivyofundishwa, — akasema Mzee Bati. — Yatosha. Chukulia baridi.

— Moto, — akasema Radi.

— Ati?

— Moto! Nimesema moto! Nikaongeza na robo. Na nilihisi nyuzi zinalegea mkononi, nikanyamaza!

— Unamtukana marehemu!

— Marehemu alisema kweli, aliisema juu ya chuma. Hii si chuma. Mjinga ni mimi.

Rosnida akaingiza tepu tunduni, akaanza kuizungusha: nusu mbele, robo nyuma; nusu mbele, robo nyuma. Robo ileile, ila hii ilikuwa ya kurudi.

Koh Liong akaketi kando ya Radi, akashusha sauti.

— Basi, yaishe. Tumetoka mbali mimi na wewe. Mkate wangu wa kwanza pale langoni uliununua wewe. Nitalipa mwenyewe.

Radi akasimama wima, mishipa ya shingo imemtoka.

— Nilipokuwa nakataa umenidai mbele ya watu. Nimesema kweli, ndipo unanifanya maskini wa kuhurumiwa? Mimi ni fundi, Liong! Nidai!

Mak Sairah aliinamisha birika juu ya kikombe cha Wakili. Likatoa matone mawili na machicha. Kule garini tepu ilikuwa ikilia polepole kwenye alumini.

Koh Liong akanyoosha mkono, kiganja juu.

— Milioni moja, Radi. Naitaka leo, kabla ya magharibi.