Mwalimu wa Uwili Aliyesimamisha Kitabu Chake

Marehemu bibi yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa nne kati ya sita, katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake, fundi saa. Alianza shule mwaka 1956. Sakafu yote aliijaza hesabu kwa chaki, mama yake akipiga deki huku akigomba. Alipata shahada mwaka 1973, akabaki chuoni hapo hapo akifundisha hisabati hadi alipostaafu mwaka 2009.

Tarehe 6 Desemba 1975 aliolewa na seremala aliyeitwa kutengeneza ubao wa darasa lake. Babu alirudi mara nne. Ubao wenyewe ulikuwa umepona siku ya kwanza.

Kazi yake ilikuwa aljebra za Hopf na uwili, yaani kukijua kitu kwa vipimo vyake tu. Alituelezea jikoni, akimenya viazi. Kundi ni vitu vinavyounganishwa kwa kanuni moja. Usilitazame lenyewe. Kusanya fanksheni wakilishi, yaani vipimo vyake ambavyo hata ukivisogeza vipi havizai vipya bila mwisho. Vinaunda aljebra yao, na kutoka humo unalijenga upya kundi lile. Kitabu chake kilisema kila kundi hurudi zima, na kitabu hicho ndicho kingempa uprofesa.

Jumapili, tarehe 8 Novemba 1998, kurasa zikiwa tayari kwa mchapaji, babu aliuliza, "Mama watoto, vitu viwili vikipata kipimo kilekile kila mahali, utavitofautishaje?"

"Haitokei."

"Umeangalia makundi yote?"

Bibi akaweka kisu chini. Alikuwa ameangalia makundi tulivu tu, yale aliyoyazoea. Kufikia jioni alikuwa amepata kundi ambalo kila kipimo chake hutoa jibu lilelile kwa vitu vyote vilivyomo, kana kwamba ni kitu kimoja tu. Kesho yake akasimamisha uchapaji.

Mkuu wa idara alimsihi, "Dada, chapa hivyo hivyo. Cheo kikipita utarekebisha."

"Nikishapata cheo, mkuu? Wewe mwenyewe unajua sitarekebisha."

Kitabu kilitoka mwaka 2003, neno "kila" limeondolewa, sharti limeandikwa waziwazi, na seremala ameshukuriwa. Uprofesa haukuja tena. Ilimuuma, wala hakuficha.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2022. Wiki yake ya mwisho hospitalini, muuguzi alimwambia, "Profesa, tugeukie upande huu." Babu akafungua mdomo amsahihishe. Bibi akamfinya kidole.

"Nyamaza, mzee. Kikao cha huyu cha kunipa uprofesa kimekuwa kifupi."

Alifariki Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, saa tatu asubuhi, babu akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti mmoja, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu watano, na wanafunzi wengi mno. Wengine walitaka ukurasa wa mbele wa kijitabu hiki cha maziko uandikwe Profesa. Babu alikataa: marehemu aliikosa heshima hiyo kwa kusema kweli, na hatutampa leo kwa kusema uongo. Tumeandika Mwalimu.

Mwalimu wetu apumzike salama.