Bati Hakuwa Amelewa

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Leo namkumbuka Bati. Wa rika langu mnamjua. Bati wa Kelele Halali, ile bendi ya muziki wa roki. Bati mpiga drams. Na hapo ulipo najua kuna mtu ameshamgeukia mwenzake kusema, "Si yule mlevi aliyeharibu tamasha?" Huyo huyo. Ila hakuwa mlevi. Nalisema mapema, ili hata anayezima redio sasa hivi aende nalo. Bati hakuwa amelewa.

Bati ametutoka wiki iliyopita, nyumbani kwake, mkewe akiwa kando yake. Ameacha mke, binti mmoja na wajukuu. Humu studio nina wageni wawili. Wa kwanza ni binti yake. Anafundisha watu udereva, na alivyoingia alinikosoa nilivyoegesha gari. Wa pili ni mwimbaji wa Kelele Halali, tunayemwita Mwalimu, kwa kuwa mchana alifundisha hesabu. Wameketi upande mmoja wa meza, lakini wameacha kiti kitupu katikati. Salamu yao ilikuwa ya nusu mdomo. Sababu yake mtaijua.

Tuanze na kazi. Bati alikuwa fundi wa bati, na jina lilitoka huko. Alitengeneza masanduku, ndoo, mifereji ya kukinga maji ya mvua. Karakana yao ilikuwa na mafundi wengi chini ya paa moja, kila mmoja na nyundo yake. Mimi niliingia mle mara moja tu, nikatoka kichwa kinaniuma hadi kesho yake. Hakuna aliyeziba masikio. Aliyejaribu alichekwa, akaambiwa akatafute kazi ya kufuma vitambaa. Bati aliingia pale akiwa kijana, akatoka na mvi.

Bendi ilianzia chumba cha nyuma cha saluni. Mwenye saluni alikuwa shangazi yake Sindano, mpiga gitaa la solo. Aliitwa Sindano kwa wembamba wake. Leo ana kitambi cha heshima, lakini jina limegoma kubadilika. Shangazi aliwapa chumba kwa hoja moja: wateja wake wakishaingiza vichwa kwenye mashine ya kukaushia nywele, hawasikii kitu. Waliosikia ni majirani. Kiongozi wa mtaa alipokuja kulalamika, shangazi alitoka nje na kitana mkononi.

"Hizi kelele ni halali," akamwambia. "Nimeziruhusu mimi."

Bendi ikapata jina. Haikuwa na kampuni nyuma yake, wala mfadhili, wala mjomba serikalini. Walirekodi wenyewe mle mle chumbani, magodoro yameegemezwa ukutani. Walinakili kanda wenyewe na kuzizungusha madukani wenyewe. Katika wimbo wao wa kwanza, ukitega sikio, kuna mashine ya nywele inaunguruma mwanzo hadi mwisho. Kuna watu waliniapia kwamba kile ni kinanda.

Sasa, watu waliingia na kutoka katika bendi hiyo. Lakini angalieni jambo hili, maana ndilo kiini cha yote. Mwimbaji hakuondoka. Mpiga solo hakuondoka. Walioondoka walikuwa wapiga besi. Na kila aliyeondoka aliondoka kwa sababu ya Bati.

Wa kwanza alikuwa binamu yake mwenyewe, damu moja. Kila siku ya mazoezi Bati alimwambia neno lile lile: "Ongeza." Binamu akaongeza. "Ongeza." Akaongeza tena. Sindano amenisimulia, "Jamaa alivimba vidole. Siku moja akaweka gitaa sakafuni, akasema, 'Ongeza mwenyewe,' akaenda zake kuuza viatu."

Wa pili alikuwa karani wa benki. Mtu wa taratibu, shati limenyooka, besi anaipiga kama anambembeleza mtoto alale. Wenzake walimpenda. Bati alimkaba koo. Alisimamisha wimbo katikati, akamkazia macho: "Bwana, unapiga au unaigiza?" Karani akajibu kwamba hakusoma vile vitabu vyote ili aje atukanwe nyuma ya saluni. Akafunga mlango taratibu, maana hata hasira yake ilikuwa ya taratibu. Alikopita alisema Bati ni mkorofi. Neno likashika.

Wa tatu akaja Randa, seremala. Randa alikuja na spika aliyoiunda kwa mikono yake, sanduku la mbao kubwa kama kabati la nguo. Wakakosa pa kuliweka. Bati akasema, "Lilete hapa." Drams zake zilikaa juu ya kijukwaa cha mbao, na sanduku likapandishwa hapo hapo, nyuma ya mgongo wake. Kisha Bati akavua viatu. Wenzake walimtania sana. "Unapiga drams au unakanda udongo?" Bati alicheka nao, akaendelea kupiga peku.

Toka siku hiyo ugomvi ukaisha. Hakuna tena "ongeza". Mwalimu ameniambia hiyo ndiyo miaka yao mizuri, na mimi naongeza kwamba ndiyo miaka ambayo ukipita mtaani unasikia watoto wanapiga sufuria kwa mapigo ya Bati.

Ndipo lilipokuja tamasha la uwanjani. Kelele Halali hawakuwahi kusimama mbele ya umati wa namna ile. Mwalimu alishonesha makoti ya kufanana. Mchana walipokuwa wakipanga vyombo, msimamizi wa jukwaa akaja akaliona sanduku la Randa. Akasema kabati hili linaziba mandhari. Lishushwe, likae chini pembeni. Na drams zitoke kwenye ule ubao, zikae juu ya zege.

Bati alikataa. "Spika yangu ikae nyuma yangu."

"Kwa nini?" Mwalimu akamuuliza.

Bati akaliegemea sanduku kwa mgongo.

"Nimekuuliza kwa nini. Mbona unatuletea mambo yako siku kama ya leo?"

Wasikilizaji wapendwa, hapo sentensi moja ingetosha. Bati hakuisema. Aliona haya. Sanduku likashushwa.

Wimbo wa kwanza ulipita. Bati hakumbandulia macho Randa, alivifuata vidole vyake. Wimbo wa pili taa zikapunguzwa ili kupendezesha jukwaa, na vidole vikapotelea gizani. Bati akatangulia. Sindano akajaribu kumkimbiza, akashindwa. Mwalimu akageuka, akapaza sauti, "Simama!" Bati kichwa chini, anapiga. Wenzake wakaacha vyombo. Bati anapiga. Uwanja mzima unamtazama mtu mmoja anapiga drams peke yake, hana habari.

Watu wakaanza kucheka. Mwalimu akashika kipaza sauti.

"Mtuwie radhi," akasema. "Mpiga drams wetu leo amezidisha kinywaji."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Bati akainua kichwa. Akaona umati umefurahi, watu wanapiga makofi. Akatabasamu. Akasimama, akainua vijiti vyake juu na kuwapungia.

Mwalimu, naona umeinamisha kichwa. Inamisha tu, hata mimi macho nimeyashusha mezani. Ila usiiache maiki.

Wiki iliyofuata Sindano alitumwa kumwambia Bati kwamba bendi imepata mtu mwingine. Bati aliitikia kwa kichwa, akaja na mkokoteni akachukua vyombo vyake. Aliyefuata hakudumu. Aliyemfuata huyo naye hakudumu. Randa alikuwa wa kwanza kusema wazi kwamba muziki umekufa, akarudi kwenye useremala. Bendi ikasambaratika bila hata kutangaza.

Na Bati? Bati alirudi kwenye nyundo. Lakini neno lilimtangulia. Wateja walileta kazi asubuhi, wakiambiana kwamba huyu fundi ni mzuri kabla hajapata moja. Bati, ambaye hakuwahi kuonja. Shuleni binti yake aliitwa mtoto wa mlevi. Mtaa mzima ulilijua lile jina, isipokuwa mwenyewe.

Tufike sasa msibani. Bendi yote ya zamani ilikuja, ikakaa viti vya nyuma. Binamu wa viatu alikuwepo. Karani alikuwepo, shati limenyooka vile vile. Kaka mkubwa wa marehemu akasimama kueleza maisha ya mdogo wake. Akayataja masanduku, ndoa, mtoto. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja jambo linalojulikana:

"Na mnavyojua, mdogo wangu masikio yalikufa mapema, kwa ajili ya zile nyundo. Hata ile bendi aliipigia akiwa kiziwi. Alisema besi anaisikia kwa nyayo, ikipita kwenye mbao."

Sindano ameniambia, "Nilitamani ardhi ipasuke inimeze." Randa alitoka nje, watu wakamsikia akilia kule uani. Karani aliuficha uso kwa kitambaa. Kila mmoja wao alikuwa anapiga hesabu ile ile kichwani. Bati hakuwa mkorofi. Alikuwa anawaomba wapige kwa nguvu ili miguu yake ipate kitu. Alikuwa anawaomba, nao hawakujua kwamba wanaombwa.

Mkewe alijua. Binti yake alijua, na kaka yake, aliyedhani kila mtu anajua. Wengine aliwafungia mlango. Alikuwa akiwaambia mkewe na binti yake, "Mpiga drams kiziwi ni kichekesho. Wakijua, watanicheka." Na wakamcheka bila kujua.

Baada ya maziko Mwalimu alimwendea mjane kuomba radhi. Binti akamkata kauli. Alimwambia, "Hapa unatunong'oneza mimi na mama. Lile ulilisema kwenye kipaza sauti. Nenda ukalifute kwenye kipaza sauti." Ndiyo maana, wasikilizaji wapendwa, leo wako hapa wote wawili.

Mwalimu, nikuulize kama wanavyotaka kuuliza hawa wanaotusikiliza. Ulidhani kweli amelewa?

"Hapana."

Sema karibu na maiki.

"Hapana. Nilijua hanywi. Sote tulijua hanywi. Watu walikuwa wanatucheka, nimevaa lile koti, nikaona aibu. Nikatafuta pa kuitupa. Yeye alikuwa karibu."

Binti wa marehemu amegeuka. Hili hakulijua.

"Kumbe ulijua," anasema. "Miaka yote nimekutetea moyoni. Nikisema, labda alikosea, labda alimwona anayumba. Kumbe ulijua!"

"Mwanangu..."

"Mimi mwana wa Bati. Ngoja na mimi niseme langu, maana kila mtu anadhani aibu ni yenu peke yenu. Siku ile nilikuwa pale, mbele, na mama. Nilisikia kila neno. Tunarudi nyumbani, baba akaniuliza, 'Mwalimu alisema nini pale, watu wakafurahi vile?' Mama akatazama pembeni. Baba ananitazama midomo, anasubiri. Nikamwambia, 'Amekusifu, baba. Amesema hakuna mpiga drams kama wewe.'"

Chukua maji, dada. Taratibu.

"Akaamini. Karakana nzima aliwasimulia, na wao wakawa wanatazamana. Hata mlipomfukuza aliniambia, 'Mwalimu ana hasira zake, lakini mbele za watu alinisifu.' Amezeeka nalo. Amelala kitandani mgonjwa, analo. Na mimi kila akilitaja naitikia, 'Ndiyo baba, alikusifu.' Nimemdanganya baba yangu mpaka amekufa."

Hukuwa na la kufanya, dada yangu. Ulikuwa mtoto.

"Nilikua. Nilikuwa na miaka mingi ya kumwambia. Sikuweza. Ningemwambiaje mtu kwamba siku yake nzuri kuliko zote haikuwepo?"

Fundi wangu wa mitambo nyuma ya kioo ameniashiria muda unatutupa mkono. Natazama kwingine.

Basi niseme ya kusema, kisha niwaachie. Kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa mjane wa marehemu, najua redio yako iko wazi, mama. Pole kwa kaka mkubwa, kwa wajukuu, kwa mafundi wote wa ile karakana, wengi wenu pia mnatusikiliza kwa sauti ya juu kabisa. Na nyie mlio majumbani, mnalo la kufikiria. Kuna mtu unamwita haitiki, unasema anaringa. Kuna mtu anakwambia "ongeza, ongeza" hadi unamchoka. Kabla hujampa jina, nenda kaa naye umuulize. Ukiona ananyamaza, muulize tena, kwa upole kuliko mara ya kwanza. Lile jina mtaani kwetu lilikaa rahisi sana, na walioliweka ni watu wazuri tu, wanaosalimia majirani.

Dada, Mwalimu amelifuta. Amesema hakuwa amelewa, nchi nzima imesikia. Inatosha?

"Haitoshi. Sijaja kumsamehe, hilo nitaliangalia nikiwa tayari. Nataka amsifu. Mimi nilimwambia baba kwamba ulimsifu mbele za watu. Watu si hawa? Basi msifu. Nitoe kwenye uongo."

Mwalimu amevuta kiti. Kile kilichokuwa kitupu, amekaa. Maiki ni yako, mzee.

"Mabibi na mabwana..."

Endelea.

"Mabibi na mabwana, naanza upya. Kwenye drams yupo Bati. Sisi wengine tulikuwa tunasikia, na bado tulimtegemea yeye atuonyeshe mapigo. Hakuna mpiga drams kama yeye. Nilipaswa kulisema siku ile. Bati, ulikuwa unawapungia, na ulistahili kuwapungia."