Baba Aliyesema Atapumzika Baada ya Msimu

Wachungaji wetu, wazee shikamooni, majirani wa Songoro na wote mliopanda kutoka mjini, poleni na karibuni nyumbani. Wasifu kwa kawaida huandikwa na mtu mzima. Huu umeandikwa na mimi, Rachel, mtoto wa pili wa marehemu, kwa sababu kwenye kikao cha familia shangazi Marta alisema, "Huyu ndiye anayeuliza-uliza humu ndani. Mpeni kalamu, na haya atayauliza." Basi nimemuuliza bibi, mama na wenzake wa gereji. Niliyoambiwa ni haya.

Marehemu Sadoki Philemoni Nanyaro alizaliwa tarehe 14 Machi 1976 hapa hapa Songoro, kwenye miteremko ya Mlima Meru, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Philemoni Nanyaro na Bibi Elieshi, ambaye amekaa nasi hapa mbele. Alibatizwa siku ya Pasaka ya mwaka huo. Bibi anasema mvua za masika zilikuwa zimeanza, njia yote tope, na kwamba mtoto hakulia sana. Alikuwa anatazama tu huku na huku, "kama mtu anayetafuta kitu kilicholegea akikaze."

Marehemu alisoma Shule ya Msingi Songoro kuanzia mwaka 1984 hadi 1990. Akiwa darasa la tano, siku ya kuchuma kahawa, familia nzima ilikwenda shambani yeye akabaki na mafua. Waliporudi na kahawa mbivu kichwani, walikuta mashine ya kumenyea kahawa imelala chini juu ya majani ya mgomba, vipande vipande. Alitaka kuona meno yake yanavyozunguka. Babu hakumchapa. Alimwambia, "Hutakula mpaka izunguke." Wenzake wakala mchana, yeye akakaza na kulegeza. Jua lilipokuwa linazama mashine ikazunguka, na bibi anakiri ilizunguka vizuri kuliko zamani. Aliponisimulia hili juzi jikoni alicheka hadi akajishika kiuno. Halafu akasema, "Mjukuu wangu, ile adhabu iliisha jioni ile ile. Nadhani hakuna aliyemwambia kwamba imeisha."

Kuanzia mwaka 1993 hadi 1995 marehemu alisomea ufundi wa magari mjini Arusha, kisha akafanya kazi kwenye gereji za mitaani Sombetini. Mwezi Juni 1999 aliajiriwa na kampuni ya utalii, akiwa fundi wa magari ya kubeba wageni, na huko ndiko alikokaa mpaka alipougua. Jina la kampuni sikuliandika. Mama ameomba hivyo, na si kwa ubaya. Amesema limeandikwa vya kutosha kwenye nguo zake. Ni kweli. Tulipokuwa tunatafuta picha ya kuweka mbele ya ratiba hii tulipekua simu za ukoo mzima, na karibu kila picha baba amevaa jaketi la kijani la kazini. Krismasi, jaketi. Ubatizo wa mdogo wetu Penieli, jaketi. Hii mliyonayo mkononi, amebeba mkungu wa ndizi na jani limemfunika sikio, ndiyo pekee ambayo ndani yake tulimwona yeye kama yeye.

Wenzetu wa utalii wanaujua msimu. Kwa wengine nieleze kidogo: ni miezi ile wageni wanapojaa, kuanzia Juni hadi Septemba, na tena mwisho wa mwaka. Gari likizima porini, fundi anafuata. Simu ya baba haikuzimwa hata ibadani. Mambo yote ya nyumbani yalikuwa na tarehe moja: baada ya msimu. Bati la jiko, baada ya msimu. Kupogoa kahawa, baada ya msimu. Penieli aliwahi kumuuliza mama kama msimu ni mtu, na anakaa wapi.

Tarehe 8 Desemba 2019 kaka yetu Brian alipata kipaimara. Usharikani kwetu mzazi husimama nyuma ya mtoto wake na kumwekea mkono begani wakati anabarikiwa. Asubuhi ile simu iliita kutoka mbuga ya Tarangire. Baba akasema, "Ni spring tu, nitawahi." Nyuma ya Brian akasimama baba mkubwa Daniel. Baba alifika watu wanakunja viti, mafuta ya gari yamempanda mpaka kwenye viwiko. Alisimama mbali kidogo na lile shati jeupe la Brian akasema, "Hongera mwanangu. Sikushiki, nitakuchafua."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba bosi wake alikuwa anamlazimisha. Nimemuuliza Bwana Jabiri, msimamizi wa gereji na rafiki yake wa siku nyingi. Akasema, "Hapana, binti yangu, tusimsingizie mtu. Bosi alikuwa anauliza nani anaweza kwenda. Baba yako alikuwa ameshawasha gari." Nikamuuliza kwa nini. Akafikiri. "Aliona aibu gari aliloligusa yeye lizime mbele ya wageni. Na sisi tulimzoea. Mimi nimekula Idi na watoto wangu miaka yote hii kwa sababu baba yako alikuwa porini." Halafu akatoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Ila naomba isemwe pia kwamba aliipenda kazi yake. Alikuwa anasikiliza gari kama wengine wanavyosikiliza kwaya, kichwa kimeinama, anatabasamu.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Vaileth, mama yetu, Jumamosi tarehe 9 Oktoba 2004, hapa usharikani. Walikutana Sombetini, mama akiwa anauza chakula jirani na gereji. Siku ya kwanza baba alinyoosha mkono mweusi kupokea sahani, mama akairudisha nyuma. "Kaka, hiyo mikono ni ya gari. Kalete ya mtu ndiyo nikupe chakula." Mafundi wakamzomea mpaka akakimbia. Akanawa kwa dizeli, akanawa kwa sabuni ya unga, akasugua kwa mchanga, akarudi akaionyesha mbele na nyuma. Mama akaikagua, akasema, "Bado ya gari, lakini kaa." Wamekaa pamoja miaka karibu ishirini na moja, na Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwaka 2023 miguu ya baba ilianza kuvimba. Hospitali wakasema ni presha, wakamtaka apumzike na arudi kupimwa figo. Akasema atarudi baada ya msimu. Mama akamuuliza, "Sadoki, na figo nazo zina msimu?" Akacheka, akaenda kazini. Msimu ukaisha, magari yakaingia gereji kufanyiwa matengenezo, na kabla hayajatoka msimu mwingine ukawa mlangoni.

Mwaka jana tulikuwa wawili shambani chini ya kahawa, nikamuuliza, "Baba, hivi mtu anatakiwa ampe mwajiri wake kiasi gani?" Hakufikiri hata kidogo. "Yote. Ukibakiza, umeiba." Nikaona ni jibu zuri sana. Shuleni niliwaambia wenzangu.

Lakini kuna kitu kilianza kumsumbua, maana mwezi wa kwanza mwaka huu aliomba ruhusa ya Desemba, katikati ya msimu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kipaimara changu ni Jumapili tarehe 7 Desemba. Alimwambia mama, "Siku ya Brian niliikosa. Ya Rachel naisimamia." Akanichukua mpaka mjini, Kaloleni, kwa fundi cherehani, Bwana Muzammil, apimwe suti, ya kwanza tangu ile ya harusi. Bwana Muzammil akahangaika naye na futi. "Fundi, simama wima bwana! Hapa hakuna gari la kuinamia." Baba akajaribu. Mgongo ulikuwa umeshazoea kuinama. Akachagua kitambaa cha bluu iliyoiva, akaniuliza mara mbili kama nitaona aibu kusimama naye.

Tarehe 20 Julai 2025 marehemu alianguka kando ya gari alilokuwa analitengeneza porini. Alirudishwa Arusha akalazwa, na vipimo vikaonyesha figo zote mbili zimechoka kabisa. Alianza kusafishwa damu. Kitandani hakuwa na la kufanya, na mikono yake ikaanza kutakata yenyewe, kidogo kidogo, mpaka kwenye kucha. Sisi watoto hatukuwahi kuiona hivyo. Mchana mmoja mama aliishika, akaigeuza mbele na nyuma, akasema, "Leo umeleta ya mtu." Baba akamjibu kwa sauti ndogo, "Basi nipe chakula." Mama akamlisha mtori wa ndizi. Alikula vijiko vichache, mama akawa analia bila kuacha kumlisha.

Siku nyingine aliniita karibu. "Rachel, lile swali lako la kwenye kahawa." Nikamwambia nalikumbuka. "Nilikujibu vibaya. Nilikuwa nawapa wao yote, nikijua nyie mtakula kinachobaki baada ya msimu. Kumbe msimu unashikana na msimu. Hakikubaki kitu." Akapumzika kidogo. "Anayebakiza cha kupeleka nyumbani si mwizi. Usiwafundishe wenzako lile jibu la kwanza." Nikamwambia nimeshawafundisha. Akatabasamu, akasema, "Basi una kazi." Leo wenzangu wamekuja na walimu wetu, wamesimama pale nyuma. Jamani, ndiyo hilo nililotumwa niwaambie.

Marehemu alifariki dunia Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa tano asubuhi, mama na Brian wakiwa wamemshika mkono huku na huku.

Kesho yake simu yake iliita sebuleni, katikati ya waombolezaji. Hakuna aliyekuwa amethubutu kuizima. Brian akaipokea. Alikuwa ni Bwana Nasri, dereva, yuko mbugani ambako habari ilikuwa haijafika. Sauti ilitoka mpaka tukasikia wote: "Fundi, shikamoo! Gari imenigomea huku, njoo uniokoe." Brian akasema, "Fundi amelala." "Mwamshe bwana, wageni wananiangalia kama sinema!" Mama akaichukua simu, akasema taratibu, "Shemeji, haamki tena." Pale pale tukamsikia mwanaume mzima analia, na nyuma yake wageni wanamuuliza kuna nini kwa lugha yao. Bwana Nasri yuko nasi leo. Asante kwa kuja.

Alhamisi Bwana Jabiri alikuja na jaketi jipya la kijani, bado liko kwenye nailoni. Ofisi iliomba marehemu avalishwe hilo, kama heshima ya utumishi wake. Baba mkubwa Daniel akaona ni jambo jema, si kila mfanyakazi anakumbukwa hivyo. Watu wakamtazama mama. Ilikuwa ni kama wanamuuliza huyu marehemu ni wa nani. Mama akalishika jaketi, akalipapasa, akasema, "Amelivaa kwenye kipaimara cha Brian. Amelivaa Krismasi. Lirudishe, shemeji Jabiri, kwa heshima ile ile lililoletwa nayo. Mume wangu anakwenda na suti yake." Bwana Jabiri akainamisha kichwa. "Shemeji, mimi nilitumwa tu. Njia nzima nilikuwa naomba ukatae." Siku hiyo hiyo Bwana Muzammil alipanda kutoka Kaloleni na suti mkononi, ameimaliza, amekataa kuituma kwa mtu. Ndiyo aliyovaa baba. Imemkaa vizuri. Amelala ndani yake amenyooka wima kabisa.

Marehemu ameacha mama mzazi, Bibi Elieshi, mke, Vaileth, watoto watatu, Brian, Rachel na Penieli, kaka yake Daniel na dada yake Marta, pamoja na magari mengi yanayopita barabara kuu leo hii, yanayotembea kwa sababu yake. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, usharika, majirani, na wafanyakazi wenzake, ambao nimeona leo wengi wamekuja na mashati yao ya nyumbani.

Desemba atasimama Brian nyuma yangu. Tumekubaliana hivyo.

Asubuhi hii, kabla hatujakutoa ndani, baba, mama aliizima simu yako. Na bibi, aliyekuzaa, amenishika mkono akaniomba nimalizie kwa kukuambia jambo ambalo anasema alipaswa kukuambia jioni ile ulipokuwa darasa la tano: mashine inazunguka, Sadoki. Adhabu imeisha. Acha sasa, unawe mikono, upumzike kwa amani.